Kiingereza cha kuombea maji hakitoshi

JE, msomaji, Kiingereza chako kimefika wapi? Usijibu kwa alama ulizopata shuleni. Jibu kwa mambo ya wiki iliyopita. Ulipopokea barua ya ofisini, uliisoma hadi mwisho au ulimpa mtoto akusomee? Simu ilipolia na aliyepiga akazungumza Kimombo, ulimsikiliza ukamjibu, ama ulisingizia mtandao mbovu ukakata? Na kule mkutanoni, ulipokuwa na jambo la maana moyoni, ulilisema au ulilimeza?

Ikiwa majibu yako yanakutia haya, mko wengi. Waswahili wana msemo wa lugha ya kuombea maji. Ni ile inayomtosha mgeni kupiga hodi, kusalimu na kupata cha kukatia kiu, basi. Baada ya hapo humbidi anyamaze na kutabasamu. Maelfu ya Wakenya waliopitia shule, wengine hadi kidato cha nne, wamekwama papo hapo kwa Kiingereza. Si wanafunzi wa mwanzo tena, na si mahiri bado. Wanaelewa, lakini nusu nusu. Wanazungumza, lakini kwa woga.

Makala haya ni yao. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka nchi ya chai, Kericho na Bomet, kwa sababu huko lugha na riziki zimefungwa kamba moja.

Lugha tatu katika shamba moja

Ukitoka Kericho mjini ukashika njia ya Litein, Kapkatet hadi Sotik, au ukaingia Bomet upande wa Konoin na Mogogosiek, utaona kijani cha chai kimetandazwa kama zulia. Nyumbani watu huzungumza Kipsigis. Katika mashamba makubwa, ambako Mkipsigis huchuma bega kwa bega na Mgusii, Mluo na Mluhya, Kiswahili ndicho huwaunganisha. Lakini hebu tazama karatasi. Mkataba wa kazi, hati ya mshahara, tangazo ubaoni, barua ya onyo, ripoti ya kiwanda: aghalabu zote huwa kwa Kiingereza.

Hali hii ina historia. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na kilimo chake kikubwa Kericho kilianza katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofika. Wakulima wadogo walijiunga kwa wingi baada ya mamlaka ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969. Huko bei hutajwa kwa dola na barua huandikwa kwa Kimombo. Hata wenye mashamba wakibadilika, lugha ya ofisi haibadiliki. Mwaka 2023 kampuni ya Finlay ilitangaza kuwauzia Browns wa Sri Lanka mashamba yake ya Kericho. Waajiri wapya hawatoki Uingereza, lakini wao pia huandika kwa Kiingereza.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Hilo ni jema na tulienzi. Hata hivyo, mfanyakazi anayesubiri kila karatasi ije kwa Kiswahili anaweza kuchelewa kujua haki yake.

Kuna jambo jingine zito. Mei 2023, hasira dhidi ya mashine za kuchuma chai ilifika kilele Kericho pale mashine kadhaa zilipoteketezwa. Suala la mashine na ajira ni kubwa, na halitamalizwa na somo la lugha. Lakini maelezo ya mitambo inayofika kwetu huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Anayeweza kuyasoma, kuiendesha mitambo hiyo na kuandika ripoti yake ana nafasi ambayo jirani yake hana, hata kama wote wawili walikuwa hodari sawa wa kuchuma.

Kumi kati ya mia tatu

Usidhani jambo hili linawahusu wachumaji na makarani pekee. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi Wakenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Baadaye mwaka huo huo, Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw. Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu.

Kumi! Na hawa ni watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza, wakaandika mitihani kwa Kiingereza na kujaza kadi za wagonjwa kwa Kiingereza. Wazazi wa Kericho na Bomet wenye vijana katika vyuo vya utabibu wana kila sababu ya kujiuliza kulikoni.

Mitihani ya aina hiyo hupima mambo manne, kila moja peke yake: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Shule zetu hukazia kusoma na kuandika, tena kwa ajili ya karatasi ya mtihani. Kiti cha miguu minne hakisimami kwa miwili. Unaweza kujua kanuni zote za sarufi na bado ukababaika mtu anapokuuliza swali ghafla kwa lafudhi usiyoizoea.

Kwa nini tunakwama?

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilichapisha vipimo vya kujua lugha, vyenye ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, ambavyo sasa hutumika katika nchi nyingi. Ngazi mbili za kwanza ni za mwanzo, mbili za kati ni za mtu anayejitegemea, na mbili za juu ni za mahiri. Safari tunayozungumzia hapa ni ya kutoka A2 hadi B2, yaani kutoka kuombea maji hadi kujitetea mwenyewe. Ni safari ndefu, na sababu yake inafahamika.

Mwaka 1953 mwalimu Michael West alichapisha orodha ya maneno ya Kiingereza yatumikayo mno, yapatayo 2,000. Wataalamu waliofuata walipata kwamba maneno hayo huchukua takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Yaani ukiyajua, unaelewa maneno manne kati ya kila matano. Ndiyo maana mwanzoni mtu huona anapaa.

Lakini fanya hesabu. Tangazo la maneno 100 likibandikwa, maneno 20 hivi yatakupita. Na mara nyingi hayo 20 ndiyo yaliyobeba uzito: 'terminate', 'deduction', 'liable', 'forfeit'. Umeelewa "wewe", "kazi", "siku" na "kampuni", lakini hukuelewa kama umepandishwa cheo au umeachishwa. Ili mtu asome gazeti la Kiingereza bila kukwama, mtaalamu Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba anahitaji jamii za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Hazipatikani kwa kusubiri. Hutafutwa.

Sababu ya pili ni hofu, na tuliirithi shuleni. Wasomaji wengi watakumbuka ile diski, kipande cha ubao au mfupa kilichovishwa mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o aliisimulia katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Tulifundishwa kwamba kukosea ni aibu na lugha ya nyumbani ni kosa. Mtoto aliyefunzwa hivyo huwa mtu mzima ambaye hafungui mdomo hadi awe na hakika ya kila neno. Na asiyefungua mdomo hajifunzi kuzungumza.

Basi dawa ni ipi? Kwa maoni yetu, ukishavuka hatua ya mwanzo usirudi kukariri kanuni kana kwamba unaanza upya. Anza na Kiingereza cha kazi iliyo mikononi mwako leo, ukitumie kila siku, kisha upanue mduara.

Anza na karatasi zako mwenyewe

Chukua hati yako ya mshahara, ile tunayoiita pesilipu. Hicho ndicho kitabu chako cha kwanza. 'Gross pay' ni mshahara kabla ya makato. 'Net pay' ni kinachokufikia mfukoni. 'Deductions' ni makato, 'overtime' ni malipo ya saa za ziada, na 'arrears' ni malimbikizo. Tangu Oktoba 2024 makato ya NHIF yaliondoka na mahali pake pakaja SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara. Kuna pia ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Je, unaweza kukionyesha kila kimoja kwa kidole na kueleza kwa Kiingereza ni cha nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, inakupa haki ya kupewa maelezo ya malipo yako yakiwa yamepambanuliwa. Lakini haki usiyoweza kuisoma itakufaa nini?

Kisha nenda kwenye mkataba. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 9, inasema kwamba ikiwa mfanyakazi hajui kusoma au haelewi lugha ya mkataba, mwajiri ni lazima amweleze kwa lugha anayoielewa. Usione haya kuidai haki hiyo. Kuuliza si ujinga.

Halafu kuna ile barua inayowatoa watu jasho. Huandikwa 'show cause'. Wengi wakiiona hudhani wameshafutwa kazi, wakafunga virago au wakaitupa. Kumbe maana yake ni kwamba unatakiwa ueleze kwa nini usichukuliwe hatua, na hupewa siku za kujibu. Usipojibu, umeiacha nafasi yako ya kujitetea. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kufikiria kumwachisha kazi, na kinamruhusu mfanyakazi awe na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Maneno mawili ya Kiingereza yasikupotezee kazi ya miaka kumi.

Ukiwa karani, kitabu chako ni daftari la mizani. Ukiwa kiwandani, ni ripoti ya zamu pamoja na majina ya hatua za chai: 'withering' ni kunyausha majani, 'sorting' ni kupambanua, 'grading' ni kupanga kwa madaraja. Ukiwa dukani Bomet mjini, ni stakabadhi na barua za wauzaji. Usikimbilie maneno makubwa ya bungeni kabla hujayamudu ya mezani pako.

Chuma maneno kama majani

Mchumaji stadi hachumi kila kitu. Huchukua majani mawili na chipukizi, kisha hurudi kwenye kichaka kile kile baada ya wiki moja au mbili. Akichelewa, majani hukomaa na kuwa magumu.

Maneno nayo huchumwa hivyo. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila siku andika maneno matano tu uliyokutana nayo kazini, garini au redioni. Usiandike neno peke yake. Liandike ndani ya sentensi uliyolikuta, kwa sababu neno bila wenzake husahaulika upesi. Yasome tena kesho yake, tena baada ya wiki, tena baada ya wiki mbili. Maneno matano kwa siku ni zaidi ya 1,800 kwa mwaka. Hata ukishika nusu, umepiga hatua kubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kamusi, tafuta zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama ile ya Oxford aliyoiasisi A.S. Hornby katika miaka ya 1940. Hizo hueleza kwa maneno mepesi na hutoa mifano. Ukitaka maana ya Kiswahili, ipo Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI iliyotolewa mwaka 1996. Usiyeweza kununua, maktaba ya umma ya mji wa Kericho haiko mbali.

Ulimi na sikio

Sasa tuje kwenye matamshi. Kila mtu hubeba sauti za lugha ya mama, na si jambo la kuchekana. Katika lugha za Wakalenjin, sauti za p na b, t na d, k na g hazibadilishi maana ya neno kama zinavyofanya katika Kiingereza. Ndiyo sababu mtu anaweza kutamka 'pill' na 'bill' kwa namna moja, na dawa ikageuka deni. Sauti za v na z pia ni ngeni, hivyo 'prize', yaani zawadi, husikika kama 'price', yaani bei.

Katika nchi ya chai kuna jozi moja ya maneno ambayo kila mtu anapaswa kuimudu: 'leaf' ni jani, 'leave' ni likizo. Weka kidole kooni unapotamka. Sauti ya v hutetemesha koo, ya f haitetemeshi. Fanya hivyo mara kumi kila asubuhi unapoelekea kazini, na wiki mbili hazitapita kabla hujasikia tofauti.

Tena kuna heri. Kipsigis hutofautisha irabu fupi na ndefu, jambo ambalo Kiswahili hakifanyi. Kwa hiyo Mkipsigis anayejaribu kutenga 'live' na 'leave', au 'ship' na 'sheep', ana sikio lililokwisha kunolewa nyumbani. Lugha ya mama si mzigo tu. Ni mtaji pia.

Kwa upande wa kusikiliza, BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza kwa redio tangu mwaka 1943, na leo masomo yake hupatikana bila malipo kwa simu ya mkononi. Chagua sauti ya dakika tano. Isikilize mara ya kwanza bila kusoma. Mara ya pili andika unachosikia. Mara ya tatu isome pamoja na msemaji, kwa sauti. Dakika tano zilizosikilizwa mara tatu zina faida kuliko saa nzima ya redio inayoimba nyuma yako ukipika.

Kiswahili kinapojificha ndani ya Kiingereza

Makosa yetu mengi hayatokani na ujinga. Hutokana na kufikiri kwa lugha moja na kuzungumza kwa nyingine. Kiswahili kina kukopa na kukopesha, shina moja. Kiingereza kina maneno mawili, 'borrow' na 'lend'. Ukimwambia mwenzako "borrow me your pen", unamaanisha akuazime, lakini umemwambia jambo lisiloeleweka. Sema "lend me your pen", au kwa adabu zaidi, "may I borrow your pen?"

Tunaaga kwa kusema "nakuja", tukimaanisha tutarudi. Mgeni akiambiwa "I am coming" na mtu anayempa mgongo, hubaki ameduwaa. Sema "I'll be right back." Kiswahili na Kipsigis hutumia neno moja kwa mwanamume na mwanamke, kwa hivyo 'he' na 'she' hutuchanganya hata tukiwa na shahada. Na maneno kama 'advice', 'equipment', 'information' na 'furniture' hayaongezewi s hata yakiwa mengi kiasi gani.

Baina yetu wenyewe, Kiingereza chetu cha Kenya kinaelewana na hakina ubaya. Kazi ni kujua lini uko baina yenu na lini hauko.

Adabu ina lugha yake

Katika Kiswahili, "nipe chai" kwa sauti ya upole si utovu wa adabu. Ukiitafsiri kuwa "give me tea", Mwingereza husikia amri. Kiingereza hupitisha heshima kwa maneno kama 'could', 'may' na 'please'. Sema "could I have some tea, please?" Sisi tumezoea kusalimiana kwa marefu: nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua. Mgeni hujibu "fine" na kunyamaza. Si kwamba ana kiburi, ndivyo salamu yake ilivyo. Neno letu "pole" nalo halina mwenzake kamili. Ukimwambia "sorry" mgeni aliyejikwaa, huenda akashangaa, kwa maana hukumkwaza wewe. Muulize "are you all right?"

Na usiogope kutoelewa. Kuna sentensi tatu ambazo zimewaokoa watu wengi, zikariri leo. "Could you say that again, please?" humwomba mtu arudie. "Do you mean that we start on Monday?" huhakikisha umeelewa. "Let me check and get back to you" hukupa muda wa kufikiri. Mkubwa wa kazi humheshimu zaidi anayeuliza kuliko anayeitikia "yes, sir" na kisha kwenda kuharibu.

Wanaojiandaa kwa mahojiano wafanye mazoezi ya maswali matatu kwa sauti, si kichwani: wewe ni nani, umefanya kazi gani, na ulikumbana na tatizo gani kazini ukalitatuaje. Jirekodi kwa simu. Utajisikia vibaya mara ya kwanza, kama kila mtu. Mara ya tano utakuwa unasahihisha, si kuona haya.

Nyumbani nako

Mzazi, usimwachie mwalimu kazi yote. Kama Kiingereza chako ni haba, mwombe mwanao akusomee ukurasa mmoja wa gazeti kila Jumapili, kisha akueleze kwa Kipsigis au Kiswahili alichokisoma. Kueleza ndiko kunakoonyesha kama alielewa. Naye atajua kwamba baba na mama hawaoni aibu kujifunza kutoka kwa mtoto. Ninyi mnaojiandaa kwa KCSE, msisome vitabu vya riwaya kwa ajili ya maswali tu. Karatasi ya insha humtambua upesi aliyesoma kwa hamu na aliyekariri muhtasari.

Lakini tafadhali, msiivunje lugha ya nyumbani ili kujenga Kiingereza. Mkumbukeni Dkt. Taaitta arap Toweett, mwana wa Kericho aliyefariki mwaka 2007. Alijisomea kwa njia ya posta akapata shahada kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akawa mbunge na waziri, kutia ndani Waziri wa Elimu. Na Kiingereza hicho alichokitafuta kwa taabu alikitumia kwa kazi gani? Mwaka 1979 alitoa kitabu cha kuichambua lugha ya Kikalenjin. Alikwenda mbali kwa Kimombo, kisha akarudi nacho nyumbani kuwaeleza walimwengu ubora wa lugha ya mama yake. Mwacha mila ni mtumwa, na Toweett hakuwa mtumwa.

Miezi mitatu ya kwanza

Tufunge kwa mpango ambao hauhitaji ada wala mwalimu. Mwezi wa kwanza, maliza karatasi zako mwenyewe, yaani hati ya mshahara, mkataba na matangazo ya kazini, hadi kusiwe na neno usilolijua. Mwezi wa pili, tafuta mwenzako mmoja, awe wa laini moja, wa ofisi moja au wa kwaya moja. Kubalianeni kuzungumza Kiingereza dakika 15 kila siku, na asiwepo wa kumcheka mwenzake. Mwezi wa tatu, andika. Kila jioni andika sentensi sita kuhusu siku yako, na kila wiki andika barua moja halisi: ya kuomba likizo, ya kuulizia makato, ya kumshukuru mtu. Zilizo tayari zipeleke.

Hutakuwa Shakespeare baada ya miezi mitatu. Lakini siku ile barua itakapokuja utaifungua mwenyewe, uisome mwenyewe, na ujue la kujibu kabla ya jua kutua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Haya basi, msomaji, daftari dogo ni bei nafuu dukani. Kazi kwako.